Uhandisi wa Umeme na Kompyuta na Ardhi ya Madini: Masisi na Walikale Tangu 1954

Historia ya elimu ya juu katika Kongo imezoea kuandikwa kutoka Kinshasa na Lubumbashi, na hilo si ajabu, kwani huko ndiko vilikojengwa vyuo vikuu vya mwanzo. Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini, hutajwa katika maandishi kwa mambo mengine: malisho na ng'ombe, msitu, wakimbizi, vita, na madini. Ni nadra kuzikuta katika sura inayohusu uhandisi. Hata hivyo maabara yoyote ya umeme, iwe Kinshasa, Nairobi au München, hujaa vifaa ambavyo malighafi yake huenda ilitoka katika vilima vya Rubaya au katika msitu wa Bisie. Kapasita ya tantalamu na lehemu inayoishikiza kwenye bodi ya saketi ni mifano miwili iliyo wazi kuliko yote.

Makala hii inakusudia kuchunguza namna ufundishaji wa uhandisi wa umeme na kompyuta ulivyopangwa nchini, ulivyolifikia eneo la Kivu, na lugha uliyotumia, ili kueleza kwa nini ujuzi wa vitu hivyo umekaa mbali na watu wanaovichimba. Wapo watakaodhani kuwa ni suala la fahari ya kitaifa. Itaonekana hapa chini kwamba kwa mchimbaji ni suala la bei.

Ramani ya vyuo na ramani ya nyaya

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, chini ya uangalizi wa Wakatoliki wa Louvain. Miaka miwili baadaye kilifuata chuo kikuu cha serikali huko Elisabethville, na mwaka 1963 Waprotestanti wakaanzisha cha tatu huko Stanleyville. Mwaka 1959 Lovanium ilipata kinu cha utafiti wa nyuklia kilichoitwa TRICO, cha kwanza barani Afrika. Jambo hili husimuliwa kwa majivuno, nalo linastahili; lakini lifaa kusomwa pamoja na jingine: nchi ilipopata uhuru mwaka uliofuata, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, hawakufika thelathini. Mtambo ulitangulia watu wa kuuendesha.

Vyuo hivyo vitatu vilikuwa na tabia tofauti, na serikali ya Mobutu haikuzipenda zote. Wanafunzi wa Lovanium waliandamana tarehe 4 Juni 1969 wakapigwa risasi; walipowakumbuka wenzao mwaka 1971, wengi waliingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi Agosti mwaka huohuo vyuo vyote viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, chenye kampasi tatu. Nia ilikuwa ya kisiasa, ila matokeo yake ya kitaaluma yalidumu kuliko siasa iliyoyazaa. Vitivo vilihamishwa na kugawanywa kati ya miji. Fasihi na isimu zilipelekwa Lubumbashi. Politekniki ilishamirishwa Kinshasa na Lubumbashi, penye viwanda na migodi ya shaba. Kisangani, mji wa chuo kikuu ulio karibu zaidi na Walikale, ulipewa saikolojia na ualimu, na kilimo kikawekwa Yangambi.

Kijana wa Walikale aliyetaka kuwa mhandisi wa umeme, basi, alikuwa na njia mbili, zote ndefu. Barabara iliyopita kwao ilitoka Bukavu kwenda Kisangani kupitia Lubutu. Akifika Kisangani angekuta shule ya walimu, na ingembidi ashuke mto hadi Kinshasa au avuke nchi hadi Lubumbashi. Kijana wa Masisi naye alishuka Goma, ambako miaka hiyo hapakuwa na kitivo cha uhandisi. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981 vyuo vikarudishiwa uhuru wake, lakini ramani ya vitivo haikubadilika sana.

Ramani ya nyaya za umeme ilifanana na ramani ya vyuo. Bwawa la Inga I lilianza kazi mwaka 1972, Inga II mwaka 1982, na kutoka hapo ukavutwa mstari wa mkondo mnyoofu wenye msongo mkubwa, wa urefu wa kilomita 1,700 hivi, hadi Kolwezi. Ulikuwa miongoni mwa mistari mirefu zaidi ya aina yake duniani, na wahandisi wa Kizaire walikuwa na haki ya kujivunia kuufahamu. Ulipita juu ya vijiji vingi bila kuwasha taa hata moja, kwa kuwa mkondo mnyoofu wa msongo huo haupunguzwi njiani kwa transfoma ya kawaida. Uamuzi wa kiufundi ulikuwa pia uamuzi kuhusu nani apate umeme. Huku mashariki kulikuwa na Ruzizi I ya mwaka 1958, na kuanzia mwaka 1989 Ruzizi II iliyomilikiwa kwa pamoja na Zaire, Rwanda na Burundi. Mstari wake ulifika Goma, nao vilima vya Masisi vikabaki na mishumaa na taa za mafuta. Kampuni za madini za enzi ya ukoloni zilijua kuzalisha umeme porini zilipoutaka: Lutshurukuru karibu na Kalima na Mungombe karibu na Kamituga ni mabwawa yaliyojengwa kwa ajili ya migodi. Elimu waliyoitoa ilikuwa ya kiasi cha kazi ya mgodini. Kampuni hizo ziliunganishwa mwaka 1976 kuwa SOMINKI. Soko la bati la dunia lilipoanguka Oktoba 1985, SOMINKI nayo ilianza kuzama, na mafundi wake wakabaki na ujuzi usio na mwajiri.

Kilichomo ndani ya kapasita

Yafaa kusimama kidogo kwenye somo lenyewe, kwa sababu uhusiano wa darasa na ardhi haueleweki kwa kutaja majina ya madini tu.

Kapasita, kwa maelezo ya mwaka wa kwanza, ni sahani mbili za metali zinazotenganishwa na kihami. Uwezo wake wa kuhifadhi chaji huongezeka eneo la sahani linapokuwa kubwa, na kihami kinapokuwa chembamba. Anayetaka kapasita kubwa katika nafasi ndogo anakabiliwa na sharti gumu: atafute eneo kubwa mno lililokunjwa ndani ya kitu kidogo, na kihami chembamba mno kisichotobolewa na umeme. Tantalamu hutimiza yote mawili. Unga wake hubanwa ukawa kipande kidogo, kisha huokwa katika ombwe kwa joto kali hadi chembe zishikamane huku zikiacha vinyweleo kama sifongo. Kipande hicho hutiwa katika kimiminika cha asidi na kupitishiwa umeme, na juu ya kila ukuta wa kila kinyweleo huota ngozi ya oksidi. Unene wa ngozi hiyo huamuliwa na volteji: nanomita mbili hivi kwa kila volti. Oksidi ya tantalamu ina uwezo wa kuhami na kuhifadhi unaokaribia mara tatu ya ule wa oksidi ya alumini. Ndiyo maana simu ya mfukoni na kifaa cha kusaidia masikio viliwezekana kufanywa vidogo.

Metali hiyo iligunduliwa na Msweden Ekeberg mwaka 1802. Aliipa jina la Tantalus, yule wa hadithi za Kiyunani aliyesimama ndani ya maji asiweze kunywa, kwa sababu oksidi yake ilizamishwa katika asidi isinywe kitu. Msimulizi wa Masisi asingebuni jina lililo bora zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 tantalamu ilitumika kwa muda mfupi kama uzi wa balbu, ikashindwa na wolframu. Ilipata kazi yake ya kudumu katika miaka ya 1950, kapasita yake yabisi ilipoundwa kwenda sambamba na transista.

Bati lina hadithi ya karibu zaidi na wakati wetu. Lehemu iliyofundishwa kwa miaka mingi ilikuwa na asilimia 63 ya bati na 37 ya risasi, mchanganyiko unaoyeyuka kwa nyuzi 183 bila kupitia hali ya ujiuji. Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vya elektroniki kwa sababu za kiafya, na viwanda vikahamia lehemu ambayo zaidi ya asilimia 95 yake ni bati. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya majalala ya Ulaya iliongeza mahitaji ya madini ambayo tangu mwaka 2002 yalikuwa yakichimbwa kwa mikono huko Bisie, wilayani Walikale, na kutolewa msituni kwa migongo ya wabebaji waliotembea siku mbili, kila mmoja na gunia lake la kilo 50. Ndege ndogo zilitua Kilambo, juu ya barabara ya lami, kuyachukua. Mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kulehemu mwaka 2007 hakuambiwa hayo na kitabu chake, na pengine mwalimu wake hakuyajua.

Madarasa yaliyoachwa

Njia ya kwenda kwenye kitivo cha uhandisi huanzia shule ya sekondari, katika sehemu ya hisabati na fizikia au sehemu ya ufundi umeme, na huishia kwenye Mtihani wa Taifa. Njia hiyo katika Masisi na Walikale ilikatwa mara nyingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu ililipwa na wazazi kwa sehemu kubwa, maana serikali ilikuwa imeacha kuilipa inavyopasa. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi nzima. Yakafuata wakimbizi wa Rwanda wa mwaka 1994, vita vya 1996 na vita vya 1998.

Halafu ikaja koltani. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantalamu duniani ilipanda mara kadhaa ndani ya miezi michache, viwanda vya simu na vya michezo ya kompyuta vilipohofia upungufu na kuanza kujiwekea akiba. Uasi uliotawala Goma uliunda Novemba mwaka huo kampuni ya kuhodhi biashara hiyo, SOMIGL. Iliripotiwa wakati huo kwamba walimu na wanafunzi wa Masisi waliacha madarasa wakaenda machimboni, na mtu akitazama mshahara wa mwalimu hawezi kuwalaumu. Mwaka 2001 bei iliporomoka. Mashimo yalibaki, na wanafunzi waliokuwa wameacha mwaka wa nne wa sekondari hawakurudi wote. Kwa historia ya uhandisi, hasara ya aina hii haina takwimu: kitivo huhesabu waliojiandikisha, hakihesabu wasiofika mlangoni.

Goma

Mabadiliko makubwa yalikuja pale Goma ilipopata elimu yake ya juu. Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu, ULPGL, kiliasisiwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1985, na baadaye kikawa na idara ya uhandisi wa umeme na kompyuta, masomo mawili chini ya paa moja. Chuo Kikuu cha Goma kilianza mwaka 1993 kama tawi la Kisangani na kujitegemea mwaka 2004. Taasisi za ufundi na za kompyuta zilifuatana mjini. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliyetoka Masisi angeweza kusomea uhandisi bila kupanda ndege.

Kuunganisha umeme na kompyuta katika idara moja kulikuwa uamuzi wa busara kwa mji kama Goma, ingawa wapo wahandisi wa shule ya kale wanaouona kama upungufu. Katika vyuo vikubwa mgawanyo wa fani hizi ulifuata viwanda: anayejenga mitambo ya umeme hakutani na anayeandika programu. Goma haikuwa na viwanda hivyo. Ilikuwa na mji uliofunikwa na lava ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, umeme wa kukatika, minara ya simu, na ofisi zilizotaka mtu mmoja awezaye kufunga jenereta, kuunganisha mtandao na kutengeneza kompyuta iliyoungua. Umeme wenyewe ulisogea polepole: kituo cha Matebe, Rutshuru, chenye megawati 13.8, kilianza kazi mwaka 2015, na mwaka 2020 ukawashwa mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini Goma. Mitambo hiyo iliwahitaji wahandisi waliokuwepo hapohapo.

Lakini Goma si Masisi, na sembuse Walikale, wilaya inayochukua zaidi ya theluthi moja ya mkoa mzima.

Lugha ya darasa, lugha ya mzani

Uhandisi Kongo umefundishwa kwa Kifaransa tangu Lovanium. Wanaisimu walikuwa na hoja nyingine mapema. Semina ya wanaisimu iliyofanyika Lubumbashi mwaka 1974 ilipigania nafasi ya lugha za nchi katika elimu, na mmoja wa watetezi wa msimamo huo barani alikuwa mtu wa Walikale kwa asili: Kahombo Mateene, Mnyanga, aliyeshirikiana na Daniel Biebuyck kutoa utenzi wa Mwindo mwaka 1969, na baadaye akaongoza huko Kampala ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hoja zao zilisikika katika shule za msingi kwa kiasi, na katika vitivo vya politekniki hazikusikika kabisa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, maabara haikuisoma.

Tanzania haikufanya tofauti kubwa. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa Kiingereza na kimeendelea hivyo. Ila huko kazi ya istilahi ilifanyika pembeni ya darasa: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na mwaka 2004 chuo hichohicho kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Istilahi za fizikia zilizopatikana zina mantiki yake. *Mkondo* wa umeme umechukuliwa kutoka maji yanayotiririka, kama *courant* ya Kifaransa ilivyochukuliwa, na mtoto aliyekulia kando ya mto Lowa haulizi maana yake mara mbili. *Ukinzani* umetokana na kitenzi kilichokuwepo. *Kapasita* ni mkopo mtupu, na hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba mhandisi wa Goma akisikia *kapasita* husita, kwa kuwa yeye anajua *condensateur*. Na fundi wa Mwanza akisikia *kusude* hajui kuwa ni kulehemu. Wazungumzaji wa lugha moja wanahitaji mkalimani juu ya kifaa chenye ukubwa wa punje ya mchele.

Pengo hilo lina gharama yake, na mahali pa kuipima ni machimboni. Koltani hainunuliwi kwa uzito peke yake. Hununuliwa kwa uzito na kwa kiasi cha tantalamu iliyomo, kinachoelezwa kwa asilimia, na magunia mawili yenye kilo sawa yanaweza kutofautiana mno kwa bei. Macho hayaoni asilimia. Huonwa na spektromita ya mionzi ya eksirei, kifaa kinachopiga madini kwa mionzi na kusoma mwanga unaorudishwa na kila elementi. Kifaa hicho kimo mikononi mwa wafanyabiashara wa Goma. Yule mchimbaji huambiwa namba, bila kuwa na njia ya kuikagua. Mhandisi wa umeme aliyemaliza mwaka wa tatu anaelewa jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, kinavyosawazishwa, na kinavyoweza kudanganya kisiposawazishwa. Elimu hiyo ikiwapo upande mmoja tu wa mzani, ule upande wa pili hauna la kubishania.

Hatua zilizochukuliwa kutoka nje zilishughulikia mambo mengine. Sheria ya Marekani ya Julai 2010 ilizitaka kampuni zieleze kama madini yake yanatoka katika maeneo ya vita ya Kongo. Septemba mwaka huo Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Baadaye magunia yakaanza kufungwa vibandiko vya kuonyesha yalikotoka. Kibandiko husema mahali. Hakisemi kiwango, wala hakimfundishi mtu kukisoma.

Huko Bisie uchimbaji wa mikono uliondolewa na mgodi wa kampuni ya Alphamin ukaanza kuzalisha mwaka 2019. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Rubaya ilitekwa na M23 mwaka 2024, Goma ikafuata Januari 2025. Machi 2025 waasi walisonga hadi Walikale mjini, mgodi wa Bisie ukasimamishwa, na bei ya bati ikapanda katika soko la metali la London. Mwezi uliofuata waasi waliuacha mji na kazi ikaanza kurejea hatua kwa hatua. Wauzaji wa lehemu duniani walifuatilia habari za Walikale kwa siku hizo chache kwa makini kuliko ambavyo wizara yoyote ya elimu ya juu imewahi kufanya.

Katika biashara ya Masisi neno linaloamua bei ni la Kifaransa, *teneur*. Wachimbaji hulitamka katikati ya sentensi ya Kiswahili, pamoja na namba waliyopewa. Kiswahili kina *kiwango*, kina *kadiri*, na kina *ujazo* kwa maana ya mbali. Hakuna lililochaguliwa, na hakuna idara ya uhandisi wala ya isimu, Goma au Lubumbashi, iliyopewa jukumu la kulichagua.